Baba ataka niache saikolojia ya mahusiano nikasome klearingi, mnasemaje?

binti_wa_kongowea aliuliza:

Asalaam aleikum wadau, natumai nyote wazima. Mie huwa nasoma tu humu siandiki, lakini leo imebidi maana nyumbani hakuna wa kumuuliza bila kuzua ugomvi.

Niko semista ya pili, diploma ya kazi za jamii, chuo kimoja hapa mjini. Uniti iliyonishika ni hii ya saikolojia ya mahusiano ya watu, yaani vile watu wanavyoonana, wanavyosikizana, wanavyogombana na kupatana, nyumbani na kazini. Sikutarajia kuipenda, nimeipenda. Tatizo ni babangu. Babangu alifanya kazi bandarini miaka mingi kabla hajapunguzwa, na kwake yeye kazi ni bandari basi. Juzi tunakula akasema mbele ya watu wote kwamba karo ya semista ya tatu hatoi mpaka nibadilishe nisome klearingi na fowadingi, ile kazi ya kushughulikia makaratasi na kutoa mizigo ya watu bandarini, maana "kuongea na watu hata mwenye duka anajua na hakusomea." Ndugu zangu wakacheka. Mie nikainuka nikenda zangu chumbani, hata wali sikumaliza, na tangu siku hiyo salamu tu.

Sasa nauliza mambo matatu. Kwanza kwa waliosoma, hii kitu ina kazi kweli ama babangu aona mbali kuliko mie?

Pili, mifano yote ya darasani ni ya Marekani. Tumesoma Maslow na nadharia yake ya mahitaji ya binadamu ya 1943, tumesoma dirisha la Johari, na hilo nilivyolisikia nilifurahi nikadhani ni johari yetu hii ya thamani, kumbe ni Joseph Luft na Harrington Ingham mwaka 1955 waliunganisha majina yao ya mkato, Joe na Harry. Dirisha lenyewe ni mchoro wa mambo ya mtu, una sehemu nne, ile unayoijua wewe na wengine wanaijua, ile wengine wanaiona kwako wewe huioni, ile unayoificha, na ile isiyojulikana na yeyote. Nimeielewa vizuri. Lakini mie nakaa nyumba moja na nyanya, ami na mkewe, na watoto wasiopungua wanane, simu ikilia kila mtu ashajua nani amepiga. Hizi nadharia zatufaa sisi ama tunakariri tu tupite mtihani?

La tatu ndilo linaloniuma. Mwalimu alitupa asaimenti ya daftari, wiki mbili kila siku uandike mazungumzo mamoja, nani alisema nini, wewe ulihisi nini, ukajibu nini. Mama ana meza ya nazi na ndimu pale sokoni Kongowea na mie humsaidia Jumamosi. Jumamosi hiyo mteja mmoja akawa anapunguza bei mpaka mama akapandwa, akamwambia kama hutaki wacha. Mie na elimu yangu ya wiki sita nikamwambia mama palepale, mbele ya yule mteja, "Mama hapo wajitetea kupita kiasi." Mama hakusema kitu. Alichukua ile nazi akairudisha kwenye gunia. Jioni tuko kwenye matatu tumefika Makupa ndo akanambia, "Mwanangu, mie si asaimenti yako."

Nimeliandika hilo daftarini na kila nikilisoma nasikia vibaya. Nisaidieni.

---

mpakiaji_mtongwe alijibu:

Wa aleikum salaam dadangu. Mie nafanya klearingi, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hivyo swali lako limenihusu mwenyewe.

Babako hakukosea kusema bandarini kuna kazi. Alipokosea ni kudhani klearingi si kazi ya watu. Makaratasi siku hizi karibu yote yako kwa kompyuta, kinachobaki mkononi mwako ni watu. Asubuhi unakutana na dereva wa lori amekesha getini hataki kusikia neno la mtu, saa nne uko mbele ya afisa ana foleni ya watu kumi na kila mmoja mzigo wake ndo wa haraka, saa sita mwenye mali anapiga simu toka Nairobi au Kampala anafoka kwa nini kontena lake bado liko ndani na storeji, ada ya mzigo kukaa bandarini, inahesabiwa.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mteja wa vitambaa, alinipigia mara saba siku moja. Kila akipiga namweleza kosa si letu, ni karatasi aliyoituma yeye haikulingana na mzigo. Na nilikuwa sawa, sawa kabisa, nna ushahidi mezani, na kila nikimwonyesha niko sawa ndo anazidi kupandisha sauti. Mara ya saba bosi wangu akanyoosha mkono akachukua simu, hakumwambia habari ya karatasi wala nini, alimuuliza tu, "Ndugu yangu, hii mali umekopa kuileta?" Yule bwana akanyamaza. Halafu akaanza kumwaga, deni, mwenye nyumba ya duka, Ramadhani imebaki wiki mbili na vitambaa visipoingia kabla ya Idi havina mnunuzi. Dakika kumi bosi anasema "eeh", "naam", "enhe". Mwisho yule bwana mwenyewe ndo aliyeuliza, haya basi niambie mwataka karatasi gani. Jioni hiyohiyo ikaja.

Miaka baadaye kampuni ikatupeleka semina ya masupavaiza na huko ndo nikajua haya mambo yana historia. Kulikuwa na kiwanda cha simu cha Western Electric, Hawthorne, karibu na Chicago, kuanzia 1924 hadi 1932 walifanya majaribio mengi. Walianza na taa, wakiongeza mwangaza je kazi itaongezeka, wakachanganyikiwa na majibu. Akaja mtafiti Elton Mayo na wenzake wa chuo cha Harvard. Watu wengi hukumbuka hizo taa, na hesabu za taa zenyewe wataalamu wa baadaye wamezitilia shaka, lakini mie iliyonikaa kichwani ni ile sehemu ya mahojiano. Walihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzo walikuja na orodha ya maswali, wafanyakazi wakijibu swali moja halafu wanapotelea kwenye yao, nyumba, mgonjwa, supavaiza aliyewaonea. Wahojaji wakaona orodha ndo inayowazuia kusikia, wakaiweka kando wakamwacha mtu aseme anachotaka, nao wasikize bila kumkata wala kumshauri. Na wapo waliorudi baadaye kushukuru kwamba mambo yamekuwa mazuri na hakuna chochote kilichobadilishwa.

Bosi wangu hakusoma hata ukurasa mmoja wa hayo. Lakini yeye ilimchukua miaka thelathini bandarini kuyajua na wewe wapewa na miaka ishirini. Maliza diploma yako. Ukitaka kumtuliza mzee, klearingi ina kozi fupi unaweza kuichukua baadaye, lakini usiache hii.

---

bi_mshauri_tudor alijibu:

Binti, mie ni mshauri nasaha, na kabla ya hapo nilisoma diploma kama yako kwa hivyo ntakuambia bila kukupamba.

Kazi: uniti moja ya mahusiano haikufanyi mshauri, na usikubali mtu akuambie ukimaliza diploma ya kazi za jamii unaweza kufungua ofisi ukaanza kutibu ndoa za watu. Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, inataka usajiliwe kabla ya kufanya kazi hiyo. Ya kwako inakupeleka kwengine, ofisi za watoto, hospitali, makao ya watoto, miradi ya mashirika, ofisi za rasilimali watu. Nafasi si nyingi kama watu wanavyodhani, wewe jua hivyo mapema. Kinachomtenganisha anayepata na asiyepata mara nyingi ni atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya mwanafunzi. Nimewapokea wanafunzi wa atachimenti wengi, kuna wanaokaa miezi mitatu wakipanga mafaili na kuletea watu chai na hawaulizi kitu, na kuna wanaoniomba wakae kimya pembeni wakati wa ziara ya nyumbani halafu jioni wananiuliza, mbona ulinyamaza pale? Hawa wa pili nawakumbuka kwa majina, na mtu akinipigia anatafuta mfanyakazi nawataja.

Sasa habari ya mama. Ulichofanya karibu kila mwanafunzi wa saikolojia hukifanya, umepewa jina la kitu na ukalitafutia pa kulibandika. Lakini angalia ulichokiruka. Pengine hamjafika kwa Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, yeye mwaka 1977 alilipa jina kosa moja kubwa tunalolifanya sote: mwenzangu akikosea nasema ndivyo alivyo, tabia yake, na hali iliyombana siioni. Kabla yake, mwaka 1967, Jones na Harris waliwapa watu insha za kusoma, nyengine zinamsifu Fidel Castro nyengine zinampinga, na hata pale walipoambiwa kwamba mwandishi hakuchagua upande, aliamrishwa tu, bado wasomaji waliona anayaamini aliyoyaandika. Yaani hata tukijua mtu amebanwa twamhukumu kama hakubanwa.

Mamako siku ile aliamka saa ngapi? Nawajua akina mama wa Kongowea, saa tisa ya usiku wako juu. Alikuwa ameuza nazi ngapi mpaka saa ile? Yule alikuwa mteja wa ngapi wa kupunguza bei? Hayo hayamo daftarini mwako. Ulimwandika mama bila kuandika soko.

Na kwa babako ni vilevile. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba alipunguzwa kazi, halafu umelipita neno hilo haraka ukenda kwenye maudhi ya wali. Rudi hapo.

---

mama_wawili_bamburi alijibu:

Mie nasema la ndoa tu, maana hili somo liliingia kwangu kupitia mume. Alikuwa anasoma jioni, akarudi na habari za John Gottman, yule mtafiti wa Seattle aliyewaweka mke na mume chumbani wakazungumza jambo wanalogombania huku wanarekodiwa, uso, sauti, mpaka mapigo ya moyo. Akagundua mambo manne yanayobomoa nyumba: kumlaumu mtu mwenyewe badala ya kitu alichofanya, dharau, kujitetea, na kumjengea mwenzio ukuta. Mume wangu akawa kila nikifungua mdomo anataja nambari. Hiyo ni ya tatu. Hiyo ya nne. Wallahi nilikuwa nataka kurudi kwetu.

Lakini niliposoma zile noti mwenyewe usiku mmoja nilinyamaza. Kwa sababu hayo yote tunayo majina, na majina yetu ni makali zaidi. Huko kujenga ukuta ndo kununa. Mie nilikuwa naweza kununa siku nne, napika, napakua, naweka mezani, sisemi, na nilikuwa naona hiyo ni heshima kwa vile sikumtukana. Na dharau ndo kusonya. Gottman anasema dharau ndiyo mbaya kuliko zote, na mie nilikuwa nikimsonya mume wangu mbele ya watoto, mpaka siku moja mtoto wangu mdogo, wa miaka minne, akamsonya babake kwa sababu amemwambia avae viatu. Niliona mdomo wangu kwenye uso wa mtoto.

Ile hesabu anayosema, kwamba ndoa zinazodumu hata wakati wa kugombana wana mema kama matano kwa kila baya moja, usiihesabu kwa vidole. Sisi tuliacha kuhesabu. Ila kusonya kumekwisha nyumbani kwangu, na kununa sasa ni mpaka magharibi tu, jua likizama nasema kilichoniudhi.

Binti, soma. Lakini soma ukijisoma wewe.

---

binti_wa_kongowea aliandika:

Nimesoma zote mara mbili. Bi Mshauri hiyo ya "ulimwandika mama bila kuandika soko" imenitoa machozi. Kumbe ni kweli, sikuandika hata bei ya nazi siku ile ilikuwa ngapi kwa jumla. Shukran sana nyote.

Lakini swali la pili bado, haya yote ni Chicago, Seattle. Hakuna hata moja lililotoka huku kwetu?

---

maalim_mstaafu alijibu:

Mwanangu, lipo, na ni kubwa, na inaniudhi kuona vyuo vyetu vyalisomesha kama limetoka Ulaya.

Mtafika kwenye nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi wake, Waingereza waiita atachimenti, si ile atachimenti ya kwenda ofisini. Watakutajia John Bowlby wa London, na Mary Ainsworth, walioijenga, halafu watakupeleka moja kwa moja Baltimore, Marekani, kwenye kile chumba chenye midoli ambamo mama atoka na kurudi na mtoto anaangaliwa anampokea vipi. Wanaruka kilichotangulia. Mary Ainsworth alikwenda Kampala mwaka 1954 kumfuata mumewe aliyepata kazi huko, na akaona hawezi kukaa bure. Akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akiwa na mkalimani, nyumba moja kila wiki mbili, masaa mawili hivi kila ziara, kwa miezi mpaka tisa. Hakuwa na chumba cha vioo wala mashine. Alikuwa akikaa sebuleni kwa watu mchana, akina mama wakipumzika na majirani wakija, akaangalia mtoto anatambaa kwenda mbali kidogo na mamake, anageuka kumtazama, anaendelea, akishtuka anarudi mbio kwenye mapaja. Akaona mama amekuwa kwa mtoto kama gati, chombo chatoka na kwenda kwa sababu kinajua pa kurudi. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967.

Na kuna jambo ndani ya kazi hiyo walimu hulipita haraka, mie nalipenda kuliko yote. Aliona kwamba akina mama walioweza kumsimulia mambo madogo madogo ya watoto wao bila kuulizwa, leo amefanya hivi, jana alikataa kile, akilia hivi ana maana hii, watoto wa hao ndio waliokuwa na utulivu. Si mama mwenye pesa, ni mama anayemwona mtoto wake. Nilifunza darasa la kwanza miaka mingi, nikimuuliza mzazi habari za mtoto wake siku ya kumwandikisha nilikuwa najua kwa jibu lake mwaka utakuwaje.

Ndiyo maana usiseme nyumba yenu yenye nyanya na ami haimo. Nyumba zile za Buganda nazo zilikuwa na mikono mingi inayolea, na Ainsworth aliwaona watoto wanashikamana na watu zaidi ya mama.

Hofu yako ina msingi lakini. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Kanada, Henrich, Heine na Norenzayan, waliandika kwamba saikolojia imejengwa sana juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, tena mara nyingi wanafunzi wa vyuo vyao, halafu matokeo yakasemwa ni ya binadamu wote. Kwa hivyo ukisoma nadharia uliza, hawa walioulizwa walikuwa kina nani, waliishi na nani, walikula na nani. Na ukiona haituingii andika kwa nini haituingii, usiishie kusema ni ya wazungu. Huyo mama Ainsworth alikaa chini nyumba kwa nyumba akaandika alichokiona. Weye umezaliwa ndani ya nyumba hizo na lugha waijua, hutaki mkalimani.

---

nahodha_wa_likoni alijibu:

Mie si msomi, nimefanya kazi ya majini maisha yangu yote, na ningesema kama babako kwamba hii ni kozi ya porojo kama si yaliyonipata.

Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja tulikaa miaka sita hatusemi. Watu wote wa mtaa wanajua ni kwa ajili ya nyumba ya mama, nani akae nani auze. Tukikutana mazishini twapeana mkono basi. Wazee walitukalisha mara tatu, kila mara twaondoka na maneno mapya ya kurushiana. Mara ya nne ofisi ya mtaa ilikuwa na msichana wa chuo yuko kwa mafunzo, mdogo kama wewe, mzee akamwambia hebu jaribu na wewe. Nilikasirika, mtoto atanisuluhisha mie?

Yule binti alituomba kitu kimoja. Kabla hujajibu, sema kwanza mwenzio amesema nini, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Basi. Ndugu yangu akasema yake. Mie nikasema, "Amesema anataka nyumba." Akasema la, sivyo nilivyosema. Akasema tena. Nikasema, "Amesema mie nimemdhulumu." La. Jasho likanitoka, maana niliona kumbe miaka sita najibu kitu ambacho sijakisikia. Akasema mara ya tatu, taratibu, na mara hii nilimwangalia usoni. Nikasema, "Wasema usiku mama alipozidiwa sikukupigia simu, ukaja asubuhi ukakuta ashafunikwa."

Ndugu yangu akavua kofia yake akajifuta uso nayo. Akasema, "Naam. Hilo."

Na mie sikumpigia kwa sababu nilidhani yuko safarini, na hilo alikuwa halijui. Nyumba mpaka leo haijauzwa, anakaa mwanawe, na mie huenda pale Ijumaa baada ya sala twanywa kahawa. Sikumuuliza yule binti alifunzwa wapi. Lakini hiyo si porojo, babako mwambie nimesema mie.

---

bi_mshauri_tudor aliandika:

Mzee Nahodha, nimesoma nikasita kidogo kabla ya kuandika. Hiyo kanuni aliyoitumia yule binti inatoka kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 1951 kwa maneno karibu hayohayo: kila mtu aseme lake baada tu ya kurudia mawazo na hisia za aliyetangulia, kiasi cha mwenyewe kuridhika. Na alionya kwamba inasikika rahisi lakini ukijaribu utaona ni moja katika mambo magumu zaidi uliyowahi kufanya, kwa sababu ukimwelewa mtu kweli huenda ikakubidi ubadilike.

Binti, jaribu na babako. Lakini usimwambie ni mbinu, na usiende na daftari.

---

binti_wa_kongowea aliandika:

Asalaam aleikum, narudi kama nilivyoahidi moyoni japo sikuandika.

Jana baada ya isha baba alikuwa kibarazani peke yake, nikakaa kitako kando yake. Nikamwambia baba nataka kuelewa kwa nini klearingi, sitabishana. Akasema kwa ufupi, kazi ipo. Nikarudia, "Waona kozi yangu haina maana." Akasema sijasema hivyo. Akasema tena, kwamba dunia imebadilika, hakuna mtu wa kukushika mkono. Nikasema, "Waogopa sitopata kazi." Akasema si hivyo, kazi waweza kupata. Akanyamaza muda mrefu, nami nikalazimisha mdomo wangu ukae, na wallahi ilikuwa ngumu.

Ndo akanambia siku aliyopewa barua ya kupunguzwa. Alirudi nyumbani akamwambia mama amepewa likizo ya wiki mbili. Wiki mbili nzima alikuwa akitoka asubuhi na mkoba wake anakwenda kukaa Mama Ngina chini ya mibuyu mpaka saa kumi. Mie nilikuwa darasa la sita, nakumbuka zile wiki, nakumbuka alikuwa akituletea mabuyu kila jioni na sisi twafurahi. Akasema alikuwa hodari wa kazi lakini alikuwa anajua kazi moja tu, na ilipoondoka hakuwa na nyengine ya kushika.

Nikamwambia, "Wataka niwe na kitu cha pili mkononi, ili siku moja kikiondoka nisikae chini ya mibuyu." Akanitazama, akasema, "Hivyo." Neno hilo tu.

Tumekubaliana naendelea na diploma, karo atatoa nusu na nusu mama atachukua kwenye chama, na mie likizo ndefu nikachukue hiyo kozi fupi ya klearingi kama alivyosema kaka wa Mtongwe. Sikuikubali kwa shingo upande. Nikifikiria nataka kufanya kazi na familia za watu waliopunguzwa kazi, nataka kuwajua hao watu wanavyofanya kazi kwanza.

Mama nilimwomba radhi asubuhi jikoni. Hakusema yameisha wala hayajaisha. Aliniuliza tu kama Jumamosi nina darasa, nikasema sina, akanambia basi nilale mapema, lori la nazi laingia saa kumi alfajiri na anataka mtu wa kuhesabu naye.